Nilimpa Marehemu Maneno Yasiyo Yake

Nina miaka thelathini na minne, ninaishi Bunia, na ninaandika haya nikiwa na aibu ambayo mpaka leo sijaizoea. Nimeahirisha mara nyingi. Kila nikianza, nafunika karatasi na kutoka nje... Lakini leo nitamaliza.

Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Siwezi kusingizia umaskini, maana wenzangu waliokuwa maskini kuliko mimi walimaliza. Mimi sikuweza tu kukaa kitini. Nilitaka kujua lori linakwenda wapi, kwa hiyo nikaenda Komanda, nikawauzia madereva nyanya na mayai ya kuchemsha. Nilitaka kuona dhahabu inavyotolewa, nikaenda Kilo, nikawapikia wachimbaji. Nikatembea mpaka ziwani, nikarudi. Hakuna kazi niliyoifanya miaka miwili mfululizo. Kitu kimoja tu hakikunichosha: kuwasikiliza watu na kuwauliza maswali.

Ndivyo nilivyoanza podikasti. Ni kipindi cha kusikiliza, kama cha redio, ila mtu anakifungua kwenye simu yake wakati anapotaka. Hapa kwetu wengi hawana mtandao wa kutosha, kwa hiyo vipindi vyangu vilitembea kwa mkono: mtu ananakili kutoka simu hadi simu, au anajaziwa kwenye kadi yake ya kumbukumbu pale sekretariati, vile vibanda vya kopi na kupiga chapa barua ambako pia watu huwekewa nyimbo.

Nyota wa vipindi vyangu alikuwa Mama Masika.

Alikuwa muuza vitenge sokoni, mwanamke wa Butembo aliyehamia Bunia na jamaa yake zamani. Alikuwa na ulimi! Wateja walikuja kununua kitenge kimoja, wakakaa saa nzima wakicheka. Kila kipindi alikifungua mwenyewe kwa maneno yale yale: "Miye Mama Masika, karibu kwenye meza yangu, lakini usiguse kama hauna kitu mufukoni!" Mimi aliniita Masikio.

"Weye Masikio," alikuwa akiniambia, "leo unakuya kununua ao kuniiba tena maneno?"

Nilimpenda kama mama. Na ni yeye niliyemtendea niliyomtendea...

Jambo moja lazima mlijue mapema. Masika, mtoto wake wa kwanza, ambaye jina lake mama alilibeba kila siku, hakuwa akikanyaga nyumbani. Alikuwa Mahagi, ameolewa na mtu wa huko. Jamaa yote ilisema kwamba Masika alitoroka, kwamba alimtupa mama yake kwa ajili ya mwanamume ambaye si wa watu wao. Miaka minne hawakusemezana. Niliwahi kumuuliza Mama Masika kuhusu jambo hilo huku simu ikirekodi. Akakunja kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa, akaniambia nizime.

Sasa nije kwenye programu, maana hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Mwanzo nilikuwa nikirekodi na kugawa hivyo hivyo, na kelele zote za soko. Kisha nikapata kompyuta iliyotumika, nzito kama tofali, nikaanza kutafuta programu ya kuhariri sauti ambayo mtu kama mimi angeimudu. Loo, nilijaribu saba! Moja ilitaka kulipwa kila mwezi kwa kadi ya benki, na tena haifunguki bila mtandao. Mimi benki naipita kwa nje tu! Nyingine ilikuwa ya bure kwenye simu, lakini ilichomeka tangazo lake kila mwanzo wa kipindi. Nyingine ilikubali dakika kumi tu, halafu inakukata katikati ya neno.

Iliyonifaa mwishoni ilikuwa ya bure kabisa. Haikuhitaji mtandao, haikuchosha kompyuta yangu. Dirisha lake lilikuwa la kijivu, na vitufe vyake kama vya redio ya zamani. Deo, fundi wa mitambo katika redio moja ndogo ya mjini, ndiye aliyenionyesha. Tulimwita Ya Deo, maana ametuzidi wote umri. Alinifundisha kukata, kuunganisha, kupunguza mvumo wa jenereta. Alinifundisha pia kwamba ile ya kijivu, ukihifadhi kazi yako, inaiweka sauti yenyewe ndani ya faili ya kazi. Hilo nililisikia kwa sikio moja tu. Laiti ningelisikia kwa yote mawili!

Miezi sita niliitumia, na hakuna kilichoharibika. Basi si ningeridhika?

Sikuridhika. Siku moja kijana mmoja aliyetoka Kampala aliona kompyuta yangu akacheka, akasema ile ni programu ya watoto wa shule. Mimi niliyeacha shule! Maneno yale yaliniingia mahali pabaya. Nikaanza kuiona ile rangi ya kijivu kama nguo chakavu niliyovaa mbele ya watu.

Nikaenda kwa Papa Zakayo, mwenye sekretariati karibu na soko. Alikuwa na programu kubwa, ile ya studio za ng'ambo, nyeusi, yenye mistari ya rangi na vitufe zaidi ya mia. Kuinunua kihalali nisingeweza hata ningeuza kila nilichokuwa nacho. Lakini yake ilikuwa imevunjwa kufuli. Yaani ilikuwa ya wizi. Aliniwekea kwa bei ya soda.

Ya Deo alipoiona, alitikisa kichwa.

"Dada, unataka programu ao unataka picha yake?"

"Iko na vitufe vya kila kitu," nikamjibu.

"Vitufe unajua ngapi?"

"Sita."

"Basi unalinda nyumba ya vyumba mia, na weye unalala jikoni!"

Nilicheka, lakini nilikasirika. Niliona ananionea wivu. Fikirini ujinga huo... mtu anayenifundisha bure, mimi nasema ana wivu!

Baada ya muda mfupi Mama Masika akaugua figo. Alivimba miguu, akaacha kwenda sokoni, mwisho akapelekwa hospitalini Nyankunde. Nilikwenda kumwona kwa pikipiki, vumbi mpaka ndani ya meno. Nilipofika alikuwa amekaa kitandani, amepungua sana, lakini ulimi ulikuwa bado mzima.

"Masikio! Umekuya na kile kisimu chako?"

Nikamwonyesha.

"Muzuri. Weka kirekodi, halafu toka inje. Haya haiko ya batu bako. Ni ya Masika wangu."

Nikamwambia kwa utani kwamba mimi ni fundi, lazima nisikilize ili kupima sauti. Akanitazama bila kucheka.

"Toka, mutoto. Na usisikilize hata kiisha. Na usikate kitu. Siku ya kutoa matanga yangu, noko zake bote bakiwa pale, na Masika mwenyewe iko pale, ndio utaweka basikie. Uniahidi."

Kwetu noko ni ndugu wa kiume wa mama, na katika jamaa ile neno la manoko lilikuwa la mwisho. Nilimwahidi. Nikatoka, nikasimama karibu na kamba za kuanikia mashuka. Nilikaa pale robo saa. Aliponiita, uso wake ulikuwa umelowa machozi, lakini ulikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua kuni kichwani.

Ndugu wasomaji, mimi ambaye maisha yangu yote nimechungulia kila mlango, ahadi ile ya kutosikiliza niliishika. Niliona fahari kuishika! Leo ninaijutia, maana kama ningesikiliza hata mara moja, angalau ningekuwa shahidi...

Ahadi ya pili ndiyo niliyoivunja. Niliporudi Bunia nilichungulia kidogo mwanzo tu, sekunde chache kabla hajaanza kusema, nikasikia mvumo wa jenereta ya hospitali. Nikajiambia: siku ya matanga kipaza sauti kitatoa mvumo huo, watu watasema mimi si fundi. Nikaifungua ile rekodi ndani ya programu yangu nyeusi, moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Nikazima spika ili nisisikie maneno. Nikapunguza mvumo kwa macho, nikitazama mawimbi. Nikabonyeza kuhifadhi. Programu ikasema imehifadhi. Nikazima, nikajisifu.

Jumamosi iliyofuata niliitwa kurekodi harusi kanisani. Simu ilijaa, kadi ilijaa. Nikafikiri: ya Mama Masika si iko kwenye kompyuta? Nikaifuta kadi yote, nikarekodi harusi. Kwaya nne ziliimba.

Sikujua kwamba ile programu nyeusi haikuwa imehifadhi sauti yoyote. Ilihifadhi tu ramani: chukua sauti kutoka kadi ile, punguza hapa, ongeza pale. Faili ya kazi ilikuwa kama mtu anayejua njia ya kwenda nyumba fulani. Na mimi nyumba nilikuwa nimeibomoa.

Mama Masika alifariki siku tatu baada ya harusi ile. Tukamlilia. Mimi nililia kuliko wengi, na bado sikujua nilichokuwa nimekwisha kupoteza.

Siku moja kabla ya kutoa matanga, asubuhi, niliwasha kompyuta ili nitayarishe. Programu ikakataa kufunguka. Ilidai namba ya leseni. Kufuli lililovunjwa lilikuwa limejifunga lenyewe. Nikachukua faili ya kazi kwenye flashi, nikakimbilia kwa Papa Zakayo. Kwake ilifunguka. Mistari ya rangi ikatokea... lakini ndani ya mistari hamkuwa na mawimbi. Palikuwa na vijisanduku vya kijivu, na maandishi ya kusema kwamba sauti haipatikani.

"Sauti yenyewe iko wapi, mama?" Papa Zakayo akaniuliza.

"Iko mule ndani ya kazi."

"Mule hamuna kitu. Hii iko tu barabara. Ile kadi iko wapi?"

Nikampa kadi. Alijaribu programu za kufukua vilivyofutwa, mpaka saa sita mchana. Kilichotoka ni kwaya. Kwaya, na vigelegele, na mchungaji akisema amina. Akanirudishia kadi bila kunitazama usoni.

"Pole, mama," akasema. "Uende tu uwaambie imepotea."

Ndiyo! Hilo tu ndilo nililopaswa kufanya. Kwenda kwa jamaa, kusema: nimeharibu, nisameheni. Wangenitukana, wangenifukuza, na Masika angepata nafasi ya kusema mwenyewe alichoambiwa na mama yake, jambo ambalo wakati huo sikulijua. Kila kitu kingekuwa kigumu, lakini kingekuwa safi.

Lakini Noko Kambale, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amekwisha kuazima kipaza sauti. Alikuwa amewatangazia watu wa Butembo na Beni kwamba dada yake ameacha neno, na kwamba mimi, fundi wa sauti, ninalo. Mimi mtu wa kuhamahama, niliyeitwa siku zote mtu asiyemaliza kitu... kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeitwa fundi mbele ya watu wazima. Nitasimamaje kusema kwamba sauti imepotea kwa sababu nilitaka programu yenye vitufe vingi?

Nikarudi nyumbani, nikafungua ile programu ya kijivu. Vipindi vyote vya zamani vilikuwamo, salama, kila kikohozi mahali pake.

Nikatafuta. Katika kipindi kimoja Mama Masika alisimulia habari za binti aliyemsaidia mezani, aliyekosea akakata kitenge cha mteja kifupi, akakimbia kwa woga. Alisimulia jinsi alivyomtumia ujumbe. "Nikamuambia: nimekusamehe, mutoto wangu, rudi nyumbani, tukule." Maneno matamu, na sauti iliyojaa. Nikayakata pale. Kisha nikaenda kwenye utangulizi wake, "Miye Mama Masika", nikachukua neno la mwisho peke yake. Nikaliweka mbele.

"Masika... nimekusamehe, mutoto wangu, rudi nyumbani, tukule."

Nikaziba mshono kwa mvumo wa soko nilioupunguza mpaka ukafanana na chumba cha wagonjwa. Nikasikiliza mara kumi. Haikujulikana popote kwamba imekatwa. Programu niliyoidharau ilifanya kazi vizuri kabisa, na hapo nilijua moyoni, ingawa sikutaka kulisema, kwamba ubaya haukuwa ndani ya kompyuta.

Nikajidanganya. Nikasema: mama anayekaribia kufa atamwambia nini mtoto aliyetoroka, kama si hayo? Nimebuni maneno, lakini sikubuni moyo wake. Ndivyo nilivyojiambia!

Kesho yake mchana ua wa marehemu ulijaa. Waliweka turubai na viti, wanawake wakapika. Masika alifika kutoka Mahagi na mume wake, mtoto mgongoni. Hakuna aliyempa kiti. Alikaa kwenye jiwe karibu na mlango wa jiko, kitenge chake kimefungwa kwa heshima, macho chini. Mara moja tu aliinua macho akanitazama, na nikaona ananitumainia. Alijua kwamba nina sauti ya mama yake. Alikuwa akiingoja.

Noko Kambale akaomba watu wanyamaze. Nikabonyeza.

Vilio vilivyotoka pale! Mama Mudogo Kavugho, mdogo wa marehemu, akajishika kichwa. Wazee wakafuta macho. Wakaniambia niweke tena, nikaweka tena. Noko Kambale akasimama, akamwelekezea Masika kidole.

"Umesikia? Umesikia mama yako alikuwa na moyo gani? Weye ulimutupa, yeye anakusamehe! Sasa kuya hapa. Piga magoti, uombe jamaa musamaha."

Masika hakusogea. Mume wake akafungua mdomo, yeye akamshika mkono. Akamtoa mtoto mgongoni, akampa baba yake. Akatembea mpaka katikati ya ua. Akapiga magoti juu ya changarawe, mbele ya watu wote, akasema alichoambiwa aseme.

Watu wakapiga makofi. Wakampa kiti. Noko akanishika bega, akaniita mutoto wa nyumba.

Baadaye Masika alinikuta karibu na pipa la maji.

"Yaya," akaniambia polepole, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa, "ni yote alisema?"

"Ni yote."

"Hakuna ingine? Hata kidogo?"

"Hakuna."

Akachezea pindo la kitenge. Kisha akanieleza. Juma moja kabla ya kufa, mama yake alimpigia simu kutoka Nyankunde, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Alilia. Alisema kwamba hawezi kwenda kaburini na uongo. Maana Masika hakutoroka! Mama yake mwenyewe ndiye aliyemfukuza. Alizitupa nguo zake nje ya mlango, akamwambia akaolewe na mtu wake huyo, asirudi. Kisha kwa aibu akawaambia ndugu zake kwamba binti amekimbia, na uongo ukakua mpaka ukamshinda kuurudisha.

"Aliniambia: nitasema mbele ya noko zako bote kama ni miye nilikosa. Nitakuomba weye musamaha, na batasikia. Nitaweka kwa ile telefone ya Masikio." Akanitazama. "Ndio nilikuya juu ya ile. Sikukuya kusamehewa."

Sauti niliyoipoteza ilikuwa ya mama akimwomba mtoto msamaha. Niliyoitengeneza ilikuwa ya mama akimsamehe mtoto. Nilikuwa nimeligeuza kosa, nikalitoa kwa aliyekosa, nikambebesha aliyekosewa. Na nilikuwa nimetumia mdomo wa pekee ambao hakuna mtu angeweza kubishana nao!

Na nilipokuwa nimesimama pale, nikiwa najua yote, nilifanya nini?

"Pengine alibadilisha mawazo," nikamwambia.

Sentensi hiyo ndiyo inayonikondesha. Uongo wa kwanza niliufanya kwa woga na ujinga. Huu niliufanya nikijua.

Masika alikubali kwa kichwa. Kesho yake alirudi Mahagi akiamini kwamba mama yake, siku ya mwisho, alimgeuka tena.

Wiki zilizofuata sifa zangu zilienea. Watu walikuja na wazazi wao wagonjwa, wakitaka niwarekodi. Mzee mmoja aliniletea kuku! Sikuweza kula. Nikafanya nilichozoea kufanya, nikakimbia. Nikaenda Komanda, nikaenda Kilo, nikashinda huko miezi minne nikiosha sufuria za wachimbaji. Siku moja mchimbaji mmoja, mtu wa Beni, alikuwa akipumzika, akafungua simu yake ili kuwasikilizisha wenzake kitu kizuri alichotumiwa na shangazi yake.

"Masika... nimekusamehe, mutoto wangu, rudi nyumbani, tukule."

Wale wanaume wagumu walisogea karibu. Mmoja akasema atampigia mwanawe. Mimi niliacha sufuria pale pale, nikatoka.

Kumbe ilikuwa imetembea. Kila aliyehudhuria matanga alikuwa ameichukua, akamtumia mwingine. Vile vile nilivyofurahi vipindi vyangu vikitembea, mkono kwa mkono, ndivyo uongo wangu ulivyotembea.

Nikafunga mzigo, nikaenda Mahagi.

Nilimkuta Masika akianika samaki. Nilimweleza yote, tangu programu nyeusi hadi lile neno nililolichomoa kwenye utangulizi. Mume wake alinyanyuka anifukuze. Masika akasema: "Acha amalize." Nilipomaliza, aligeuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

"Kwa hiyo mama alisema," akaniambia mwisho. "Alifanya vile alisema atafanya."

"Alifanya. Robo saa nzima."

Akaanza kulia, na nilielewa kwamba, katikati ya ubaya wangu wote, hilo peke yake lilikuwa zawadi kwake. Nikapata tumaini la kijinga. Nikatoa simu, nikamwambia nitajirekodi nikikiri, niwatumie manoko zake wote.

"Hapana!" akanikatiza. "Telefone yako uweke kule. Sitaki tena sauti. Utaenda na miguu yako, na mudomo yako, basimame mbele yako bakuone."

Nikaenda. Nilisimama katika ua ule ule wa Bunia, mbele ya Noko Kambale na wazee wawili na Mama Mudogo Kavugho. Nikasema. Sikuacha kitu.

Noko alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Masika alikupa nini?"

"Hakunipa kitu, Noko."

"Siku ya matanga ulisema ile ni ukweli. Leo unasema ile ni bongo, ni uongo. Siku gani ulikuwa mutu, nijue?" Akatoa simu yake mfukoni. "Siye tulisikia marehemu na masikio yetu. Niko naye hapa. Namusikiliza kila Siku ya Mungu nikitoka kanisani. Sasa weye unataka nimutoe dada yangu maneno mudomoni, niweke yako?"

Ningetoa ushahidi gani? Nilikuwa nimeiziba mishono vizuri mno. Nilimwomba anisikilize nimwonyeshe kipindi kile cha binti aliyekata kitenge. Akakataa hata kushika simu. Mama Mudogo Kavugho pekee ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ile ya miaka minne iliyopita yeye aliziona nguo za Masika zimetupwa nje, na hakumwambia mtu. Nikamsihi arudi akaseme. Akatazama nyuma, akatazama chini, akajifunga kitenge chake vizuri. Mpaka ninapoandika haya, hajasema.

Masika hajaitwa nyumbani kuombwa msamaha. Mimi sijasamehewa, wala sikuomba niharakishiwe.

Ndugu zangu mnaosoma, kama mnatafuta programu ya kufanyia vipindi, chukueni ile mnayoielewa, hata kama ni ya bure, hata kama sura yake inachekesha. Iulizeni kwanza sauti inakaa wapi. Rekodi ya kwanza, ile mbichi, wekeni nakala mahali pawili kabla ya kugusa chochote, na msifute kadi kwa sababu ya harusi ya mtu. Na mkiharibu, semeni siku hiyo hiyo. Aibu ya siku moja ina mwisho wake. Mimi niliikimbia, na sasa ninayo kila siku.

Na nina ombi moja kubwa. Pengine iko tayari kwenye simu yako, au itakufikia kesho kutoka kwa shangazi au rafiki: sauti ya mwanamke mwenye umri, tamu, inayosema, "Masika... nimekusamehe, mutoto wangu, rudi nyumbani, tukule." Usimtumie mtu. Ifute. Na aliyekutumia mwambie kwamba mama yule hakumwambia binti yake maneno hayo. Niliyasema mimi.